SOMO: Kupima vumbi kwenye karakana isiyo na upepo

Wakuu, habari za kazi. Lile swali la "tumepima karakana moja, mbona majibu hayafanani" nimechoka kulijibu inboksi. Naliweka hapa. Tunapima vumbi analovuta fundi: pampu ndogo inavuta hewa kupitia filta, kisha filta inapimwa uzito. Mfano wangu ni karakana za fenicha za Keko, ila mashine za kusaga nako ni yaleyale.

1. Filta zilale chumba cha mizani usiku kucha kabla ya kupimwa, na zikirudi vilevile. Kwa unyevu wa Dar chukua za PVC (plastiki), za selulosi zinakunywa maji.

2. Seti pampu lita 2 kwa dakika, kichwa (kile kifaa kinachoshika filta na kuingizia hewa) na filta vikiwa vimeshafungwa. Pima tena mwisho wa kazi. Ikipishana zaidi ya asilimia 5, sampuli hiyo tupa.

3. Washa udi kabla hujafungua filta, tazama moshi. Ukipanda wima mpaka juu ya kichwa chako, hewa imetulia. Panga boi lao kama huwaka kila siku, liache liwake. Unapima kazi yao ilivyo.

4. Mdomo wa kichwa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kwenye hewa tulivu chembe hailetwi na upepo: pampu inaivuta, na yenyewe inaanguka. Ya mikroni 10 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), yenye msongamano kama wa maji, hushuka milimita 3 hivi kwa sekunde. Ya mikroni 50 hushuka kama sentimita 7. Sasa kaseti (kichwa cha aina ya kikasha) ya milimita 37 iliyofunguliwa uso mzima, kwa lita 2, inavuta hewa kwa sentimita 3 tu kwa sekunde. Ielekeze juu, chembe za mikroni 50 zinavutwa huku zinadondokea ndani, na kwa hesabu filta inapata zaidi ya mara tatu ya kilichomo hewani. Igeuze chini, zilezile zinaanguka haraka kuliko zinavyovutwa, haziingii. Pampu moja, karakana moja, majibu mawili! Mdomo utazame mbele, kwenye ukosi wa fundi, ndani ya sentimita 30 kutoka puani. USIIACHE mezani imelala chali. Ukiona vijipande vya mbao juu ya filta, hivyo vimerushwa na msumeno, havikuwa vinaelea.

5. Andika kwenye fomu mdomo ulielekea wapi.

MASWALI

Mdau wa Buguruni: Udi si utachafua sampuli?
— Hatua ya 3, soma tena.

Fundi Pampu: Nikiongeza mvuto si napata vumbi jingi, nimalize mapema?
— Hapana. Kaseti yenye tundu la milimita 4, kwa lita 2, tayari inaingiza hewa kwa mita 2.6 kwa sekunde. Chembe nzito haziwezi kukata kona na hewa inayokimbia hivyo, zinapitiliza. Na kama unatumia saikloni (kichwa kinachozungusha hewa ili kutenga chembe kubwa) ndiyo usiguse kabisa, ukibadilisha mvuto unabadilisha saizi inazochuja.

Binti Temeke: Shikamoo kaka. Pua ya mtu nayo si iko kwenye hewa hiyohiyo? Yenyewe inavuta kiasi gani?
— Marahaba mdogo wangu, hili ndilo swali. Mstari wa ISO 7708 (kiwango cha kimataifa cha kupima vumbi) wa 1995 unasema kwa chembe za mikroni 100 mtu huvuta nusu tu, lakini umetokana na vichwa vya sanamu za watu vilivyowekwa kwenye upepo. Walipokuja kujaribu kwenye hewa tulivu, chembe kubwa ziliingia zaidi ya mstari huo. Kwa hiyo kifaa kinachofuata mstari vizuri kinaweza kumpunja fundi wa chumba kilichofungwa. Iandike kwenye ripoti yako.

Binti Temeke: Asante sana. Na vumbi linalonata kwenye kuta za kaseti?
— Lihesabu, nalo liliingia. Kichwa cha IOM (aina nyingine ya kichwa cha kupimia) kinakurahisishia, kaseti yake ya ndani unaipima nzima pamoja na filta.

Mdau wa Buguruni: Sensa ya PM2.5 (chembe za mikroni 2.5 kushuka chini) ya mkononi haitoshi?
— Kwa moshi, sawa. Kwa vumbi la randa, hapana.

Mzee wa Mizani: Nyongeza. Msirudishe sampuli na bodaboda, mashimo yanaikung'uta filta. Pandeni bajaji, kaseti uso juu, mapajani.
— Kweli mzee. Na vifuniko vibanwe kabla hamjatoka karakana.