Kuchagua gari dogo la AWD lenye nguvu: tazama difu kabla ya farasi

Kwenye karatasi, Subaru WRX STI, Volkswagen Golf R na Toyota GR Yaris ni ndugu: injini ndogo ya turbo, farasi 260 hadi 320, magurudumu yote manne yanasukuma (ndiyo maana ya AWD). Yaendeshe kwenye kona moja iliyolowa na undugu unaisha hapo hapo. Tofauti iko chini ya sakafu, kwenye kifaa kinachoamua nguvu kiasi gani iende nyuma na iende lini. Kifaa hicho hicho ndicho kitakachoamua utakwenda gereji kwa ajili ya nini. Anza nacho, na sekunde za kufika kilomita 100 zisubiri.

Mifumo mitatu

Mfumo wa kwanza una difu halisi katikati, yaani gia zinazogawa nguvu huku zikiruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti. Hapa kuna WRX STI na Mitsubishi Lancer Evolution. Nguvu inagawanywa muda wote, haingoji gurudumu la mbele liteleze kwanza. STI nyingi zina DCCD, difu ya katikati ambayo dereva huikaza au kuilegeza kwa kigurudumu kidogo karibu na leva ya gia. Evolution, kuanzia ya VII ya mwaka 2001, ina ACD: klachi ya hidroliki inayoikaza difu ya katikati, yenye hali tatu za lami, changarawe na theluji. Modeli nyingi pia zina AYC, iliyoanza na Evolution IV mwaka 1996, ambayo huhamisha nguvu kati ya gurudumu la nyuma la kushoto na la kulia. WRX ya kawaida ya gia za mkono inagawa nusu kwa nusu na haina cha kubonyeza. Kwa matumizi ya kila siku hiyo ni nafuu, maana kisichokuwepo hakiharibiki.

Wa pili ni wa magari ambayo injini imelala kwa upana, na kwa asili yake gari husukumwa na magurudumu ya mbele. Nyuma kuna klachi ya sahani nyingi inayozama kwenye oili; kompyuta ikiibana, magurudumu ya nyuma yanapata kazi. Golf R ya Mk7 (kizazi cha saba), Audi S3 ya kipindi hicho, Mercedes-AMG A35 na BMW M135i ya umbo la F40 ni za hapa. Watu huita mfumo huu wote Haldex, ingawa si kila mmoja umetoka kwa mtengenezaji huyo.

GR Yaris na GR Corolla zinatumia klachi ya namna hiyo pia, lakini uwiano wa gia za mbele na nyuma umepishanishwa kidogo makusudi, ili klachi iweze kupeleka nyuma zaidi ya nusu. Kwenye modeli za mwanzo dereva anachagua mgawo: 60 mbele kwa 40 nyuma, 50 kwa 50, au 30 kwa 70. Zenye difu za Torsen mbele na nyuma, zinazopeleka nguvu kwa gurudumu lenye mshiko, ndizo za kutafuta. Bila hizo, gurudumu la ndani ya kona likipoteza mshiko, mgawo ulioandikwa kwenye skrini unabaki mapambo.

Wa tatu umeondoa difu ya kawaida ya nyuma na kuweka klachi mbili, moja kwa kila gurudumu. Ford Focus RS (2016–2018), AMG A45 S ya kuanzia 2019, Golf R Mk8 na Audi RS3 ya umbo la 8Y ziko hapa. Karibu nguvu yote ya nyuma inaweza kupelekwa gurudumu la nje ya kona, na pua inaingia pale ambapo Mk7 ingenyoosha kuelekea ukingoni.

Linganisha na kazi utakayolipa

Kama gari litakupeleka kazini siku tano na kupanda barabara za kona mwishoni mwa wiki, mfumo wa pili unatosha kabisa. Golf R Mk7 ina takriban farasi 300, ni tulivu, ina milango na buti ya gari la familia. Udhaifu wake ni kwamba ukiingia kona kwa kasi iliyozidi, mbele ndiko kunakoanza kuteleza, na kukanyaga mafuta hakukuokoi.

Kwa changarawe, matope na theluji, chukua yenye difu ya katikati. Klachi ya sahani nyingi ikiteleza mfululizo kwenye matope hupata joto, na kompyuta huilinda kwa kuiachia. Hapo unabaki na gari la magurudumu ya mbele wakati unapolihitaji kinyume chake.

Kwenye uwanja wa mashindano hali ni hiyo hiyo kwa sababu nyingine. GR Yaris ina kilo takriban 1,280, kwa hiyo breki na tairi zinapumua. Lakini hata hiyo, na GR Corolla zaidi, ikiendeshwa kwa nguvu mizunguko kadhaa bila kupumzika, klachi ya nyuma hupata joto na mfumo hujizima kwa muda. A45 S na RS3 zina kasi kuliko zote kwenye orodha hii, na uzito unaoendana nayo. Usinunue farasi 400 kama bajeti ya tairi na breki ni ya farasi 200. Kosa hilo linaonekana kwenye magari yaliyotumika: injini ya RS3, tairi za bei ya chini kabisa sokoni. Ukikuta hivyo, jua na oili ilibaniwa.

Ugonjwa wa kila ukoo

STI yenye injini ya EJ257 ya lita 2.5 ina tatizo linalojulikana: kingo za pistoni zinazoshika ringi hupasuka, mara nyingi silinda ya nne. Chanzo ni mchanganyiko wa petroli ya oktani ndogo (inayojiwasha mapema ikibanwa), programu ya injini iliyoguswa na mtu asiyejua, na kukanyaga mafuta kwa gia kubwa injini ikiwa chini ya mizunguko 3,000 kwa dakika. Ugonjwa wa pili ni beringi za konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na shafti kuu), na huo huletwa na oili kupungua bila mwenye gari kuangalia. Mrija wa kufyonzea oili ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) nao hupasuka. Wanaofungua injini hizi huweka ulioimarishwa bila kujadiliana. Injini za lita 2.0 za soko la Japani zinastahimili zaidi, ila zilipangwa kwa petroli ya oktani ya juu sana. Ukizilisha 91 unazikaribisha kwenye ugonjwa ule ule.

Evolution hadi IX ina injini ya 4G63, bloku ya chuma cha kusubu, ngumu kweli kweli. Kisichosamehe ni mikanda. Mbali na mkanda wa taimingi kuna mkanda mdogo wa shafti za kusawazisha mtetemo. Ukikatika, huvutwa ndani ya ule mkubwa, taimingi inaruka na valvu zinakutana na pistoni. Badilisha yote miwili pamoja na tenshina, roli na pampu ya maji kila kilomita 100,000 au mapema, na kama muuzaji hana karatasi, hesabu kuwa haijawahi kubadilishwa. Evolution X ina injini ya 4B11T yenye cheni, hivyo hofu hiyo haipo, lakini pampu ya ACD na AYC imewekwa nyuma inakorushiwa maji na matope. Inashika kutu na kufa, na bei ya mpya huwashtua wengi. Ile yenye giaboksi ya klachi mbili, TC-SST, haipendi joto wala oili iliyozeeka.

Golf R Mk7 na S3 zinavujisha maji kwenye nyumba ya plastiki ya pampu ya maji na thamostati. Klachi yao ya nyuma ya kizazi cha tano haina filta ya kubadilisha. Ina wavu mdogo kwenye pampu, na wavu ukiziba kwa vumbi la sahani, pampu inajitesa mpaka inaungua. Kubadilisha oili peke yake hakutoshi: pampu ishushwe, wavu usafishwe. Mafundi wengi huiruka hatua hii, kwa hiyo risiti iliyoandikwa tu "oili ya Haldex" si ushahidi.

Focus RS za mwanzo zilifungwa gasketi ya silinda hedi isiyo sahihi. Dalili ni moshi mweupe asubuhi, injini kukwama-kwama sekunde za kwanza, na maji kupungua bila kuonekana yanakokwenda. Ford ilikuja na marekebisho. Dai karatasi inayoonyesha yalifanyika.

Ukaguzi, kwa mpangilio huu

Fika injini ikiwa baridi. Weka mkono juu ya boneti; kama ni ya moto, mtu ameficha mwamko wake, na una haki ya kurudi kesho. Vuta dipistiki kabla ya kuwasha. Oili chini ya alama kwenye EJ257 inatosha kukufanya uondoke.

Washa ukiwa umesimama nyuma ya gari. Moshi wa bluu ni oili, mweupe usioisha ni maji. Injini nyingi za EJ za Subaru hugonga kidogo zikiwa baridi na kunyamaza baada ya dakika chache, hilo si kifo. Mlio wa kugonga unaoongezeka pamoja na mizunguko na kubaki hata injini ikipata joto ni beringi.

Tairi zinastahili dakika nyingi kuliko watu wanavyozipa. Zote nne ziwe za chapa moja, aina moja, saizi moja, na kina cha meno kisipishane zaidi ya milimita 1.5 au 2. Chukua tairi ya 225/40 R18: nusu kipenyo chake ni karibu milimita 319. Zilizolika milimita 2 zaidi zinazunguka mara tatu za ziada kwa kila kilomita, na mizunguko hiyo lazima ichukuliwe na difu au klachi, safari nzima. Gari lililotembea mwaka mzima na tairi mbili mpya na mbili vipara limekwishalipa, hata kama leo limevishwa tairi mpya zote.

Kisha tafuta uwanja wa changarawe. Gari likiwa na joto, kata usukani hadi mwisho na uzunguke polepole kama mtu anayetembea, kushoto kisha kulia. Gari likirukaruka kama breki ya mkono imeshikwa, difu ya katikati au klachi imeng'ang'ana. Kwenye STI yenye DCCD fanya mara mbili: kwanza ukiwa umeilegeza kabisa, lizunguke kwa ulaini, halafu ikaze mpaka mwisho kwa muda mfupi, na sasa lazima ulihisi likikataa. Lisipokataa, DCCD haifanyi kazi, hata kama taa zake zinawaka vizuri. Difu ya nyuma ya sahani ikigunaguna peke yake, mara nyingi inadai oili tu.

Kwa mfumo wa pili na wa tatu, ondoka kwa nguvu ukiwa hapo hapo kwenye changarawe, mtu akiangalia kutoka pembeni. Magurudumu ya mbele yakichimba peke yake na ya nyuma yakifuata tu, pampu au klachi imekufa. Kwenye lami kavu kasoro hii haionekani, ndiyo maana wauzaji wanapenda lami.

Jaribu klachi ya gia za mkono kwa kukanyaga mafuta yote kwenye gia ya nne, kuanzia mizunguko 2,500: mizunguko ikipanda kuliko kasi, inateleza. Ya kiotomatiki ya klachi mbili isikilize kwenye mwendo wa foleni. Ikishtuka gia ya kwanza kwenda ya pili, dai rekodi ya oili yake. Giaboksi ya klachi mbili ya spidi sita ya Golf R inataka oili kila kilomita 60,000.

Mwishoni, mashine ya kusoma makosa yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta za gari. Isisome injini peke yake. Moduli ya AWD ina kumbukumbu yake, na huko ndiko fundi wa muuzaji anakosahau kufuta. Kwa STI na Evolution ongeza kipimo cha kompresheni, silinda zisipishane zaidi ya asilimia 10, na kipimo cha uvujaji wa hewa ya silinda ukikipata: zaidi ya asilimia 20 kwenye silinda moja, achana nalo.

Jihadhari pia na STI za nembo. Kwenye umbo la 2001 hadi 2007, soma namba ya chesisi: sedani ya STI ya soko la Japani ni GDB na ina gia sita, WRX ya kawaida ni GDA. Gia tano na nembo ya waridi ni WRX iliyovalishwa.

Ukishalipa

Badilisha oili zote wiki ya kwanza, usiamini stika: injini, giaboksi, difu ya nyuma, na klachi ya katikati au ya nyuma kwa oili yake mahususi. Giaboksi ya gia sita ya STI hunywa lita 4 na kidogo, na giaboksi hiyo imebeba difu ya mbele na ya katikati ndani yake, kwa hiyo oili moja inalisha vyote. Evolution ina transifa kesi pembeni, inayosahaulika. Angalia sumaku ya nati ya kumwagia: uji wa kijivu ni wa kawaida, vipande vya chuma si vya kawaida.

Siku likiharibika njiani, libebwe na lori la jukwaa, magurudumu yote manne juu. Kuburutwa kwa magurudumu mawili, hata kilomita chache tu, huunguza difu ya katikati au klachi uliyoihangaikia kuichagua.