Kuondoa chokaa kwenye pampu na filta ya tenki la samaki kwa siki

Pampu iliyoshikwa na chokaa mara nyingi haifi ikiwa inazunguka. Hufa umeme ukikatika na kurudi. Impela (kigurudumu chenye sumaku na mapanga kinachosukuma maji) iliyokuwa inajikokota inashindwa kuanza upya, koili inapata moto, na asubuhi unakuta samaki wote wako juu wanahema. Kwa Dar es Salaam, ambako umeme unaweza kukatika usiku umelala na nyumba nyingi zinatumia maji ya kisima, usisubiri pampu ianze kupiga kelele. Safisha kila baada ya miezi 2 au 3.

Ukoko ule mweupe kwa sehemu kubwa ni kalisi kaboneti. Maji huondoka kama mvuke, chokaa inabaki. Ndiyo maana inajipanga kwenye mstari wa maji, mdomo wa filta, na popote penye joto, hasa mhimili wa impela na kioo cha hita. (Hita yenyewe wengi hapa hawaihitaji. Maji ya tenki Dar hayapoi kiasi hicho.)

Nunua siki nyeupe ya kawaida, ile ya kachumbari, yenye asidi ya asetiki asilimia 5. Kwa hesabu ya kikemia lita 1 inayeyusha takribani gramu 40 za chokaa, kwa hiyo chupa chache za dukani kwa Mangi zinatosha vifaa vya tenki la kawaida. Siki ya rangi na siki ya tufaha ziache jikoni. Ndimu inafanya kazi pia, ila nyama zake huziba matundu madogo.

Chomoa plagi ya pampu ya maji na ya hita kwanza. Kama kuna hita, iache ndani ya maji dakika 30 ipoe, kwani kioo cha moto kikitolewa hewani kinaweza kupasuka. Sponji za filta ziweke kwenye beseni la maji ya tenki, bila kufunika, na pampu ya hewa iendelee kufanya kazi.

Fungua kifuniko cha mbele cha pampu juu ya bakuli, si juu ya sinki: ncha za mhimili zina viraba viwili vidogo ambavyo vikidondoka havionekani tena. Vuta impela moja kwa moja, bila kuipinda, maana mhimili wa kauri unakatika kama chaki. Ikigoma usilazimishe. Pampu ya kuzama majini iloweke nzima, ikiwa imechomolewa, kwenye siki na maji nusu kwa nusu kwa saa 1, kisha jaribu tena.

Impela, mhimili na kifuniko viloweke kwenye siki tupu dakika 30. Utaona mapovu: ni kabonidayoksaidi inayotoka kwenye chokaa. Mapovu yakikoma na ukoko bado upo, siki imeisha nguvu, mwaga uweke nyingine. Sugua kwa mswaki mkuukuu, na tundu la impela kwa pamba ya masikio. Kisu na stilwaya hapana. Mikwaruzo ndiyo inayofanya chokaa ishike haraka zaidi safari ijayo.

Filta ya nje ina mtego wake: kichwa chenye mota hakizamishwi. Kigeuze tundu la impela litazame juu, lijaze siki kwa bomba la sindano, subiri dakika 20, mwaga, rudia. Ukiwa hapo kagua sumaku. Ikiwa ganda lake limepasuka na kutu inatoka, siki haiwezi kuiokoa, nunua impela mpya.

Pampu ya kuzama ikishaunganishwa, iendeshe kwenye ndoo yenye lita 1 ya siki na lita 1 ya maji, au zaidi mradi izame vizuri, kwa dakika 45. Kisha iendeshe kwenye maji safi dakika 10, badilisha maji, rudia mpaka harufu ya siki iishe kabisa. Tone moja halitaua samaki, lakini siki nyingi inashusha pH (yaani maji yanakuwa na asidi zaidi) na kulisha bakteria. Maji yanakuwa meupe na oksijeni inaisha.

Kwa mstari wa maji kwenye kioo, punguza maji, bandika tishu iliyolowa siki dakika 15, kisha kwangua kwa wembe. Tenki la akriliki usilitie wembe, tumia kadi ya plastiki.

Sponji na kauri za filta zisiguswe na siki, wala zisisuuzwe kwa maji ya bomba yenye klorini. Bakteria wanaosafisha maji wanaishi humo, zisuuze kwa maji ya tenki. Mawe ya matumbawe na makombe yanayopendwa sana kama mapambo huku pwani nayo ni kalisi kaboneti, siki inayala. Fremu za taa za alumini zifute tu kwa kitambaa. Na siki isikutane na jiki hata kidogo: inatoka gesi ya klorini, na bafu la chumba kimoja halina hewa ya kutosha kukuokoa.

Ukoko unarudi haraka kwa anayejaziza tu maji ya kisima bila kumwaga, kwa sababu kila ndoo inaongeza chokaa juu ya ile iliyobaki. Badilisha robo ya maji kila wiki, na pengo la mvuke jaziza kwa maji ya mvua. Ya kwanza yaliyoosha bati yaache yapite. Maji yanayodondoka kwenye AC hayana chokaa, lakini yamepita juu ya mabomba ya shaba, na shaba huua konokono na kamba wa tenki.