Kuamsha chachu ya bia ya galoni moja

Ukipika bia ya galoni moja, lita nne kasoro kidogo, huhitaji chachu nyingi. Pakiti moja ya chachu ya maji ikiwa mpya ina seli kama bilioni 100, na galoni ya bia ya kawaida inataka bilioni 35 hivi. Maelekezo mengi ya chupa kubwa za maabara na mashine ya kukoroga kwa sumaku ni ya watu wanaopika lita 20 kwa mpigo. Sisi wa sufuria moja na jiko la kupanga tunaotesha chachu, yaani tunaizalisha kwanza kwenye maji ya kimea kabla ya kuitia kwenye bia, kwa sababu mbili: kujua kama bado iko hai, na kuigawa ili pakiti moja itoe bia tatu. Hiyo ya pili ndiyo yenye pesa, maana chachu ya maji mara nyingi inanishinda bei kuliko kimea chenyewe.

Mimi ni mtu wa Machame, naishi Columbus, Ohio. Nimekua nikiona mbege ikipikwa, na sikuwahi kumwona bibi akinunua chachu. Ndizi zilipikwa, zikaachwa zichache, ikaja togwa ya ulezi, na chachu ilikuwa tayari humo humo, kwenye pipa na kwenye ndizi. Mbege inaruhusu hilo kwa sababu inanyweka upesi, na uchachu wake ni sehemu ya utamu. Bia ya shayiri inayokaa wiki mbili au tatu kwenye chupa haina subira hiyo. Kijidudu kimoja cha siki kikitangulia, kazi yote inamwagwa. Ndiyo maana Emil Christian Hansen, pale maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen mwaka 1883, alihangaika mpaka akaotesha chachu safi kutoka seli moja. Tunachofanya jikoni ni kuilinda kazi hiyo isichafuke.

Kabla hujawasha jiko, angalia chachu uliyo nayo. Kama ni kavu, ile ya punje kwenye kipakiti cha gramu 11 hivi, funga ukurasa. Haihitaji kuoteshwa, imekaushwa ikiwa na akiba yake. Nyunyiza gramu tatu kwenye galoni yako, kunja mdomo wa kipakiti vizuri, kirudishe kwenye friji, basi. Na hamira ya mkate iache kwenye mkate. Kama ni ya maji, soma tarehe. Ikiwa na mwezi mmoja, tikisa pakiti, mimina theluthi, endelea na maisha. Ikiwa na miezi minne au zaidi, hapo ndipo tunaanza.

Unahitaji gramu 100 za unga wa kimea unaoyeyuka (si kimea kilichosagwa, bali maji ya kimea yaliyokaushwa yakawa unga, maduka ya vifaa vya pombe wanauza) na lita moja ya maji. Pima kwa mizani. Vikombe vitakudanganya, unga huu unashindiliwa. Usizidishe ukidhani chachu itashiba zaidi. Sukari nyingi huichosha, na hapa hatutengenezi kinywaji, tunazalisha seli. Sukari ya dukani nayo usitumie: haina naitrojeni, na chachu iliyozoeshwa sukari nyepesi huanza kuivivia ile ya kimea.

Unga utie kwenye maji ya baridi. Ukiumimina juu ya maji yanayochemka, mvuke unaufikia ungali kwenye kijiko, unaganda kama gundi, na utakuwa unaukwangua hadi jioni. Koroga uyeyuke kwanza, kisha washa moto. Usiondoke. Yakikaribia kuchemka povu hupanda ghafla, na sufuria ya lita mbili ni ndogo kwa lita moja ya kimea. Tumia ya lita tatu au nne. Chemsha dakika kumi. Ukiwa na virutubisho vya chachu, vile vyenye zinki, weka kidogo tu kwenye ncha ya kisu.

Zima, funika, tia sufuria kwenye sinki lenye maji na barafu. Wakati inapoa, safisha kila kitakachogusa maji hayo: chupa ya kioo ya lita mbili yenye mdomo mpana, faneli, kipande cha foili, mkasi, na pakiti yenyewe kwa nje. Watu husahau mkasi. Mimi natumia dawa ya asidi isiyohitaji kusuuzwa, mililita moja na nusu kwa lita ya maji. Kuosha kwa sabuni kunatangulia. Dawa haiui uchafu uliogandamana.

Yakishuka chini ya nyuzi 25 za Selsiasi, mimina kwenye chupa, tia chachu yote, ziba mdomo na utikise kwa nguvu dakika nzima. Chachu inataka oksijeni, lakini si ya kupumulia kama wengi wanavyosema. Kwenye sukari kiasi hiki itachachusha tu hata ukiipa hewa ya dunia nzima. Oksijeni inaitumia kujenga mafuta ya ngozi ya seli, na bila hayo haiwezi kugawanyika mara nyingi. Kwa hiyo usifunge kizibo. Vika mdomo foili ilegee: hewa iingie, vumbi lisiingie. Iweke kwenye nyuzi 20 mpaka 24, mahali unapopita mara kwa mara, na kila ukipita izungushe. Kwangu ni kwenye kaunta karibu na birika, na watoto wamejipa kazi hiyo wenyewe.

Asubuhi yake tazama rangi. Jana ilikuwa kahawia inayopitisha mwanga. Leo imekuwa chai ya maziwa. Ukizungusha, povu linainuka na kuchemka. Usingoje lile povu kubwa la bia, kwenye chupa ndogo linaweza kupanda na kushuka umelala. Saa 24 hadi 36 zinatosha kwa chachu yenye afya. Iliyozeeka ipe siku mbili, hata tatu. Ikipita hapo na maji bado yanang'aa kama siku ya kwanza, imekufa.

Peleka chupa kwenye friji usiku kucha. Chachu itazama na kuacha tabaka jeupe la maziwa chini. Mimina maji ya juu, ukionja kidogo: ni bia chapwa isiyo na hopsi (yale maua yanayoipa bia uchungu), haipendezi, lakini isiwe na siki. Baki na maji kidogo ya kukorogea, kisha gawa katika chupa tatu ndogo zilizosafishwa. Moja ni ya leo. Iache ipoteze ubaridi wake wakati unapika, halafu itie yote. Mbili zinarudi friji. Vifuniko vyake visikazwe. Chachu bado inatoa gesi, na kioo kikipasuka ndani ya friji hutapenda.

Kwa bia za laga, zinazochachuka kwenye nyuzi 10 hadi 12, hesabu ni maradufu: tumia chupa mbili kwa galoni.

Kuna njia ya kupata chachu bila kununua pakiti pia. Bia ya Kimarekani ya Sierra Nevada Pale Ale, ile ya chupa, ina chachu yao hai chini. Chagua yenye tarehe ya karibuni, mimina taratibu kwenye bilauri, acha bia ya kimo cha kidole kimoja chini ya chupa. Pitisha mdomo wa chupa kwenye moto, tikisa, mimina mashapo ya chupa mbili kwenye mililita 100 za maji ya kimea mepesi, gramu tano tu za unga. Subiri siku tatu, kisha ihamishie kwenye nusu lita yenye gramu 50. Inakwenda polepole, usiiharakishe kwa kuirusha moja kwa moja kwenye lita.

Zile chupa za akiba ziandike jina la chachu na tarehe. Ndani ya mwezi zitumie kama zilivyo. Zikipita, ziamshe tena siku mbili kabla ya kupika, safari hii kwa mililita 300 za maji na gramu 30 za unga. Ukifungua ukakuta tabaka limekuwa la kahawia na harufu ni ya supu ya nyama au mchuzi wa soya, seli zimepasuka. Mwaga, nunua pakiti nyingine.