SOMO: Simu imejaa? Futa video za WhatsApp bila kupoteza za thamani

Wakuu, kila wiki napata meseji ile ile: "Simu inasema nafasi imejaa, nifanyeje?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Leo naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Somo ni la Android, hasa hizi simu za GB 32 ambazo mfumo wenyewe unameza sehemu kubwa kabla hujaweka hata picha moja.

1. Fungua WhatsApp, gusa vinukta vitatu juu kulia, ingia mipangilio.

2. Gusa hifadhi na data, kisha sehemu ya kudhibiti hifadhi.

3. Subiri imalize kuhesabu. Utaona fungu la vilivyosambazwa mara nyingi, fungu la vinavyozidi MB 5, halafu orodha ya maongezi, lenye mzigo mkubwa likiwa juu. Kwa wengi wetu linaloongoza ni grupu la ukoo, au kamati ya harusi iliyokwisha mwaka jana.

4. Anza na vilivyosambazwa mara nyingi. Hapo ni kupitia haraka na kufuta.

5. Hii soma mara mbili. Ukiingia kwenye vinavyozidi MB 5 utakuta alama ya kuchagua vyote. USIIGUSE.

Mwaka 2022 nilikuwa kwenye basi natoka Morogoro kwenda Dodoma kwenye usaili. Nikatumiwa barua, ikagoma kufunguka kwa sababu simu imejaa. Nikachagua vyote, nikafuta, zikarudi GB 6, nikashukuru Mungu. Jioni mdogo wangu akaniomba video ya bibi siku ya sendofu yake. Sekunde 48 tu: bibi anamfunga kilemba huku anaimba, mkono wa kushoto unatetemeka, anakataa kusaidiwa. Bibi alikuwa na miezi minne kaburini. Galari, haipo. Pipa la taka, halina kitu. Nikarudisha bakapu (nakala ya akiba): meseji zimo, video hazimo. Aliyeirekodi alishaibiwa simu. Sijaipata mpaka leo.

Kwa hiyo shikeni haya. Kwenye Android, video uliyopokea ni faili moja. Galari inaisoma hiyo hiyo kutoka folda ya WhatsApp. Ukiifuta ndani ya WhatsApp, na kwenye galari imeondoka. Pili, ukifutia ndani ya WhatsApp haipiti kwenye pipa la taka. Tatu, bakapu ya Google haibebi video mpaka uwashe mwenyewe kipengele cha kujumuisha video, na tangu 2024 bakapu hiyo inakula zile GB 15 za bure za akaunti yako.

Panga kwa ukubwa, fungua moja moja. Ya thamani inakili kwenye folda nyingine au Google Drive. Kisha ifungue ile nakala yenyewe, uicheze mpaka mwisho. Hapo ndipo ufute.

6. Video ulizotuma nazo zinabaki. Fungua meneja wa faili: Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, WhatsApp Video, Sent. Ukishafuta huko, angalia pipa la taka la simu. Mengi yanashikilia faili siku 30, na nafasi hairudi mpaka ulimwage.

7. Rudi hifadhi na data, ondoa tiki ya video kwenye upakuaji wa kiotomatiki, upande wa data ya simu na wa Wi-Fi. Bando nalo litapumua.

MASWALI

mama_wawili: Nikifuta mimi, wenzangu kwenye grupu zitawafutikia?

Jibu: Hapana dada. Ukifutia hapo, inaondoka kwenye simu yako peke yake.

chuma_chakavu: Nimefuta video zote nafasi haijaongezeka hata kidogo. Somo lako halifanyi kazi.

Jibu: Linafanya kazi. Umefutia wapi?

chuma_chakavu: Galari.

Jibu: Hatua ya 6, sentensi ya mwisho.

chuma_chakavu: Zimerudi GB 4. Asante.

dogo_janja_tz: Sijasoma yote, ni ndefu. Si naenda tu setingi za simu nafuta data ya WhatsApp?

Jibu: Usifanye hivyo. Kufuta kashe (faili za muda tu) na kufuta data ni vitu viwili. Ukifuta data, maongezi yanaondoka na unaanza kusajili namba upya kwa meseji ya tarakimu sita. Soma hatua ya 5 yote, sikuiandika kujaza ukurasa.

mwalimu_mstaafu: Mwanangu, video moja nimeletewa na magrupu matatu. Nikiifuta kwenye moja, nafasi inarudi?

Jibu: Shikamoo mzee. Swali zuri sana, nilipaswa kuligusa. Nafasi hairudi mpaka nakala zote ziondoke. Wakati wa kufuta angalia kama kuna chaguo la kufuta pamoja na nakala zake zote. Kama halipo, ingia kila grupu uifute. Ukikwama niandikie, tutaenda hatua kwa hatua.

mwalimu_mstaafu: Marahaba. Nimeliona. Mjukuu wangu ana iPhone, ni hivyo hivyo?

Jibu: Huko ni tofauti kidogo, mzee. Video iliyohifadhiwa kwenye Picha ni nakala ya pili, inajitegemea. Afute pande zote mbili, kisha aondoe na kwenye zilizofutwa karibuni.

binti_pwani: Mimi WhatsApp haina neno, Telegram ndiyo imekula GB 11.

Jibu: Hapo ni rahisi. Faili zinabaki kwenye seva zao, simu yako ina kashe tu. Ingia data na hifadhi, matumizi ya hifadhi, futa kashe, halafu weka media zikae muda mfupi, mfano wiki. Ukiitaka video utaipakua tena, kwa bando lako. Chaneli ikifungwa ndiyo basi, kwa hiyo unayoipenda itoe mapema.

mama_wawili: Nimeikuta video ya marehemu baba anamlisha mwanangu uji, ilikuwa katikati ya vichekesho. Nimeinakili kwenye memori kadi.

Jibu: Pole dada, na umefanya vizuri. Kadi umenunua wapi?

mama_wawili: Kwa machinga, GB 128, bei poa.

Jibu: Usifute bado. Kuna kadi feki zinazoandikwa GB 128 na ndani ni 8. Zikijaa, faili mpya zinaharibika na simu haikwambii. Cheza video kutoka kwenye kadi mpaka mwisho. Halafu weka nakala nyingine Drive, na moja kwenye simu ya mtu wa nyumbani.