Somo: Mtoto akifika kwako ananuka sigara

Walezi wengi wanaolea watoto majumbani, hapa Mombasa, kuanzia Mikindani hadi Bamburi, wanaijua hali hii. Mtoto hajavuta kitu, na mamake pengine hajawahi kushika sigara maishani, lakini akishushwa tu kwenye tuktuk asubuhi, chumba kizima kinajua kuna mtu kwao anavuta. Wazazi wengine wanakunja pua, wewe kichwa kinakugonga, na anayetazamwa vibaya ni kitoto cha miaka miwili kisichojua lolote.

Msimamo wangu nausema mapema: shughulika na nguo. Harufu nyingi inasafiri na kitambaa, na ukiikomesha mlangoni, hata yale mazungumzo magumu na mzazi yanakuwa mepesi, kwa sababu unazungumzia sweta, huzungumzii tabia za mtu nyumbani kwake.

Ujue kwanza kwa nini inang'ang'ania. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na kati ya hizo makumi kadhaa zinajulikana kuleta saratani. Moshi ukishaonekana umeisha, nikotini na mabaki mengine yanabaki yamenata kwenye vitambaa, kuta, nywele na vumbi la sakafuni, kisha yanajitoa polepole kwa siku nyingi. Ndiyo maana baba anayeapa "mimi huvuta mtoto akiwa hayupo" anaweza kuwa anasema kweli, na mtoto bado ananuka. Anayepata zaidi ni yule anayetambaa: mkono sakafuni, mkono kwenye leso, mkono mdomoni.

Hatua ya 1: Hakikisha ni sigara

Usimhukumu mtu kwa harufu ya moshi tu. Mji huu una moshi wa kila aina: makaa, kuni, dawa ya mbu ya kuchoma, taka zinazochomwa uchochoroni, udi na ubani. Moshi wa kuni unakaribia harufu ya samaki wa kukaushwa. Wa sigara iliyolala kwenye nguo ni mchungu, unakwaruza koo, na nguo ikilowa jasho ndio unazidi.

Nusa kitu kimoja kimoja, mzazi akishaondoka: mkoba, sweta, leso aliyofungiwa, nywele, kisha mtoto mwenyewe. Mara nyingi mtoto hana shida yoyote. Mkosaji ni leso, ile iliyotundikwa nyuma ya mlango wa chumba wanachovutia usiku kucha, na asubuhi ikavutwa kwa haraka akafunikwa nayo. Mkoba wa nepi ndio wa pili, maana haufuliwi.

Hatua ya 2: Mlangoni

Weka kanuni moja kwa watoto wote, bila kumchagua mtu: ukifika, unabadilishwa. Kila mtoto awe na jozi mbili za nguo zinazokaa kwako na kufuliwa kwako. Zile alizokuja nazo zinaingia kwenye ndoo yake yenye mfuniko, na jioni anarudi nazo. Mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, na hata ingekuwepo, ndoo inafunga vizuri zaidi na inaoshwa. Sweta na leso visipite kizingiti. Mkoba ubaki kwenye msumari wa barazani, utoe tu chupa na nepi.

Mfute mikono, uso na shingo kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Nywele zipanguse kwa kitambaa kibichi basi. Usimwoshe mtoto wa watu kichwa bila ruhusa, hasa msichana aliyesukwa jana. Hiyo ni vita nyingine.

Na wewe mdomo wako uwe na adabu. Usiseme "leo unanuka" mbele ya wenzake, hata kwa utani. Watoto wa miaka minne wanayashika hayo na kuyarudia mwezi mzima.

Hatua ya 3: Kufua

Nguo na shuka zinazokaa kwako, ziloweke nusu saa kwenye ndoo ya maji yenye kikombe cha siki nyeupe. Nikotini ina asili ya magadi, na ukali wa siki unaisaidia kuachia kitambaa. Kisha fua kwa sabuni ya unga kama kawaida.

Hapa ndipo wengi wetu tunakwama kwa sababu ya maji. Maji ya kisima yenye chumvi hayatoi povu, na nguo inayosuuzwa nayo hubaki na utando wa sabuni ulioshika harufu. Tumia ya chumvi kwa kulowekea na maji ya kwanza ukitaka, lakini suuzo la mwisho liwe la maji matamu yasiyo na chumvi, hata kama ni mtungi mmoja kutoka kwa mwenye mkokoteni. Anika nje penye jua na upepo. Wakati wa masika, nguo ikikaukia ndani pole pole, harufu inarudi pamoja na uvundo, basi fua chache chache kila panapotoka jua.

Usichanganye kabisa siki na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu inayochoma macho na mapafu, na wewe una watoto chumbani. Siku ya siki iwe ya siki.

Hatua ya 4: Chumba

Zulia liondoke, weka mkeka wa plastiki unaofutika. Kila mtoto awe na shuka yake na mto wake, usiwachanganyie. Chandarua kifue pia, kwa sababu kinakusanya kila kinachopita hewani na hakuna anayekikumbuka. Fungua madirisha yanayotazamana upepo upite. Feni peke yake inazungusha harufu ile ile.

Sasa suala la chetezo. Najua desturi yetu: chumba kikinuka, weka kaa, tia udi. Kwa mgeni wa Ijumaa sawa. Kwa watoto wachanga unaongeza moshi juu ya moshi, na mwenye pumu hatofautishi moshi wa ubani na wa sigara. Marashi ya kopo nayo ni vilevile. Chumba cha watoto kisinuke kitu.

Hatua ya 5: Kuzungumza na mzazi

Usiseme asubuhi. Asubuhi mtu anawahi feri au shifti ya bandarini, atakujibu kwa hasira na atakwenda nayo kutwa nzima. Subiri jioni, mtoto akiwa ameshaoga na anacheka, na mwite kando:

"Mama Fulani, mwanetu leo hajambo, amekula vizuri. Nina ombi moja dogo. Nguo zake zinafika na harufu ya sigara, na hapa nina mtoto wa pumu. Tukiweza, sweta na leso yake ziwekwe kabatini, mbali na chumba cha kuvutia. Na anayevuta avutie nje, abadilishe shati na anawe mikono kabla ya kumpakata. Hizo nyingine nitabadilisha mimi hapa."

Angalia ombi lilivyo: ni mambo yanayowezekana kesho. Ukimwambia mtu "acheni sigara" umemwomba mlima, na huenda anayevuta ni baba mkwe ambaye yeye hana kauli juu yake.

Atakujibu, "Ah, ni babake huyo, nimesema mpaka nimechoka." Hapo tulia. Usiingie kumsema mumewe. Wakipatana usiku, mbaya utakuwa wewe. Usipeleke ujumbe kupitia mtoto, wala kwa kijana wa bodaboda, wala kwenye kundi la WhatsApp la wazazi.

Hatua ya 6: Iwe kwenye makubaliano

Mzazi mpya akija kuandikisha, karatasi iwe na mstari huu: watoto hubadilishwa nguo wakifika, na hakuna anayevuta ndani, barazani wala uani. Hilo hukulitunga wewe. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kuvuta mahali pa kulelea watoto. Inamhusu fundi wa bomba, inamhusu na shemeji aliyekuja kusalimia.

Maswali ya wanachama

Mlezi, Kisauni: Nilimwambia mama mmoja kwa upole kabisa, akasema nimeita nyumba yake chafu, na atamhamisha mtoto. Nifanyeje?

Jibu: Mpe siku chache, usimfuate na maelezo. Akirudi, endelea kumbadilisha mtoto kimya kimya kama unavyowabadilisha wote. Ile kanuni ya wote ndiyo kinga yako hapa. Akihama, mlipe salio lake na muagane vizuri. Mimi singemkataa mtoto kwa harufu peke yake, kwa sababu ukimrudisha unamrudisha kwenye huo moshi kutwa nzima. Mtu mzima anayekuja mlangoni na sigara inayowaka ni habari tofauti: aizime barabarani au mtoto umwendee wewe nje.

Mlezi, Changamwe: Wazazi wangu wengine hawana jozi mbili za ziada. Nguo zenyewe ni hizo hizo.

Jibu: Weka akiba ya kituo. Mitumba ya watoto Kongowea haiumizi mfuko, hasa fulana na bukta, na wazazi wenye watoto waliokua hutoa kwa moyo ukiwaomba. Ziwe za kituo, zisiende nyumbani.

Mlezi, Mji wa Kale: Mvutaji ni mume wangu. Huvuta darini, hashuki na sigara.

Jibu: Dari ni sehemu ya nyumba hiyo hiyo wanamolelewa watoto. Saa za watoto, atoke nje kabisa. Akirudi ana shati la pili mlangoni na ananawa. Anza naye kabla hujamwambia mzazi yeyote lolote, maana wazazi wana pua pia.

Mlezi, Likoni: Kuna mama ananukia matunda matunda. Anasema ni shisha tu, haina madhara.

Jibu: Ladha ya tufaha haiondoi tumbaku wala moshi wa makaa, na shisha ilipigwa marufuku Kenya Desemba 2017. Sigara za umeme nazo nyingi zina nikotini inayotua kwenye nguo. Utaratibu ni ule ule wa ndoo na nguo za kubadilisha.

Mlezi, Majengo: Nyumba yangu ni ya Kiswahili, vyumba vinatazamana. Mpangaji wa mbele anavuta ukumbini, moshi unapita chini ya mlango.

Jibu: Kunja leso ya zamani uizibe ile nafasi, fungua dirisha la upande wa pili, na wahamishie watoto chumba cha uani kama unacho. Kisha nenda kwa mwenye nyumba ukiwa na ombi moja: ukumbini kusivutwe kuanzia asubuhi hadi watoto waondoke. Wengi hukubali wakitajiwa saa maalumu.

Mlezi, Tudor: Mtoto huyu anakohoa kila wiki na kifua kinalia. Nimwambie mamake ni sigara?

Jibu: Usimpime wewe. Watoto wanaoishi na wavutaji hupata zaidi pumu, nimonia na maambukizi ya masikio, lakini kifua kinacholia kina sababu nyingi. Andika unachokiona: siku, saa, anakohoa akilala au akicheza, kama ana homa. Mpe mama karatasi hiyo aende nayo zahanati, na umwambie amtajie daktari kwamba nyumbani kuna anayevuta. Ukiona mbavu zinaingia ndani anapopumua, au midomo inabadilika rangi, usingoje jioni. Mpigie mzazi na mtoto apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.