Simu za matapeli: namna ya kuzichuja ukiwa Kigoma bila kuwafungia wateja wa ng'ambo ya ziwa

Ushauri unaotolewa kila mahali ni kuzuia namba zote usizozijua. Kwa mtu wa Kigoma ushauri huo haufai. Anayeuza dagaa Kibirizi hupigiwa na mnunuzi aliyeko Uvira au Kalemie kwa namba inayoanza na +243. Mwenye mzigo unaopita Manyovu hupigiwa kutoka Burundi kwa +257. Dereva wa lori akiishiwa chaji huazima simu ya yeyote aliye karibu. Ukifunga mlango wote, umejifungia na riziki. Dawa ni kuchuja, na kuchuja kuna mpangilio wake.

Hatua ya 1: Panga majina kwenye simu

Simu huchuja kwa kuangalia majina uliyohifadhi, kwa hiyo kazi inaanzia hapo. Kila namba ihifadhi na msimbo wa nchi: +255 mahali pa sifuri ya mwanzo, +243 kwa Kongo, +257 kwa Burundi. Namba ya nje iliyohifadhiwa bila msimbo WhatsApp haitaitambua, na mteja wako wa miaka yote atahesabiwa mgeni.

Jina nalo liwe na maelezo. "Mteja 2" na "Mteja mpya" hayakusaidii pale mtu anaposema "mimi yule mteja wako wa juzi". Andika jina, bidhaa na mahali, mfano "Jumanne mawese Kasulu". Hapo ukimuuliza anachukua bidhaa gani, unacho cha kulinganisha na jibu lake.

Hatua ya 2: Weka vizuizi vya simu yenyewe

Kwenye Android nyingi, fungua sehemu ya kupigia, gusa vidoti vitatu, ingia kwenye mipangilio, kisha tafuta namba zilizozuiwa. Pale juu pana swichi ya kuzuia wapigaji wasiojulikana. Wengi huielewa vibaya: swichi hiyo huzuia wale waliozificha namba zao tu, haizuii namba ambazo hujazihifadhi. Iwashe bila hofu, kwa sababu mnunuzi wa kweli hana sababu ya kuficha namba.

WhatsApp ina swichi yake: Mipangilio, Faragha, Simu, kisha nyamazisha wapigaji usiowajua. Simu hazitaita, lakini utaziona kwenye orodha na unaweza kumwandikia aliyepiga. Kwa mfanyabiashara hii ni bora kuliko kuzuia, maana hakuna kinachopotea.

Kuzuia namba mojamoja kuna faida ndogo. Tapeli ana laini nyingi, ukizuia moja atakuja na nyingine kesho. Zuia, ila usidhani kazi imeisha.

Hatua ya 3: Soma namba kabla ya kupokea au kupigia

Simu ya nje inayoita mara moja au mbili na kukatika, kutoka msimbo usioujua, usiipigie. Lengo lake ni wewe upige, salio likatwe kwa bei ya simu za kimataifa. Kama ni +243, +257 au +250 na unafanya biashara huko, mtumie ujumbe wa WhatsApp kwanza: "Nimeona simu yako, nani mwenzangu?" Mwenye shida ya kweli atajibu.

Kuhusu namba za ndani, usitegemee tarakimu tatu za mwanzo kujua mtandao. Tangu 2017 mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake, hivyo namba ya 075 si lazima iwe bado Vodacom. Kipimo cha uhakika ni hiki: huduma kwa wateja ya mitandao ya simu hapa nchini ni namba 100. Anayekupigia kwa namba ya kawaida ya tarakimu kumi na kujiita afisa wa mtandao, kata.

Hatua ya 4: Mtu akitaja pesa, kata simu, kisha piga wewe

Hatua hii ndiyo kubwa, na ukishika moja tu katika mwongozo huu, shika hii. Utapeli karibu wote unategemea wewe ubaki hewani. Anakuharakisha ili usipate nafasi ya kumuuliza mtu mwingine. "Mimi mwalimu wa mwanao, ameanguka, tuko hospitali, daktari anataka hela sasa hivi." "Mzigo wako umezuiliwa mpakani, lipa kabla ya saa kumi." Mpe jibu moja: "Nakata, nitapiga mwenyewe." Kisha piga namba ya shule uliyoihifadhi tangu zamani, au wakala wako wa mpakani. Usipige namba aliyokupa yeye, hata akiapa. Akikupigia mfululizo ili laini yako isipate nafasi, tumia simu ya jirani.

Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja fulani" unanasa wale ambao kweli wanadaiwa: kodi ya nyumba, mchango wa kikoba, deni la dukani. Jina kutokea kama alivyokuambia si ushahidi. Laini ni ya kwake au ya mwenzake, analijua jina litakalotokea, ndiyo maana amekutajia. Linganisha jina hilo na la mtu anayekudai, usililinganishe na ujumbe.

Kuna na muamala hewa. Unaletewa ujumbe: "Imethibitishwa. Umepokea Tsh 180,000.00 kutoka…", na baada ya dakika moja mtu anapiga akilia kwamba amekosea namba, hela ilikuwa ya matibabu. Uangalie ujumbe kwa karibu. Juu, mahali pa mtumaji, pana namba ya kawaida, wakati ujumbe wa kweli huja kwa jina la huduma. Salio jipya lililoandikwa halilingani na ulichokuwa nacho jana. Hata ukiuona hauna kasoro, angalia salio kwenye menyu: *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx by Yas, *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa. Na kama hela imeingia kweli kwa makosa, bado usiirudishe kwa mkono wako. Mwambie apige 100 kwa mtandao wake aombe muamala urejeshwe. Ukiirudisha mwenyewe na yeye akaomba urejeshwaji, unaweza kukatwa mara mbili.

Hatua ya 5: Usibonyeze unachosomewa

Tapeli anayejiita fundi wa mtandao hukuambia upige *21* ikifuatiwa na namba fulani na alama ya reli, eti "kuboresha laini". Hiyo ni amri ya kuhamisha simu zako zote ziende kwake. Baadaye akijaribu kufungua WhatsApp yako na kuomba msimbo kwa njia ya kupigiwa, simu inaita kwake. Kujua kama umehamishwa piga *#21#. Kufuta uhamisho wote piga ##002#.

Pia kuna dirisha linalojitokeza lenyewe likiomba namba ya siri katikati ya mazungumzo. Limetumwa kutoka upande wa pili kama ombi la malipo. Lisome: limeandika kiasi na anayelipwa. Ukiweka namba ya siri umelipa. Ghairi.

Mawakala wa pesa za simu wajihadhari zaidi hapa. Anayepiga akisema yuko makao makuu, anasahihisha floti (salio la kazi la wakala), na anakutaka ufuate menyu hatua kwa hatua, anakupeleka kwenye kutuma pesa. Katika foleni ya asubuhi, mtu mwenye wateja sita mbele yake hubonyeza bila kusoma. Weka sheria ya kibanda: hakuna anayebonyeza chochote akiwa na simu sikioni.

WhatsApp iwekee uthibitishaji wa hatua mbili, chini ya Akaunti. Msimbo wa tarakimu sita usimpe mtu, hata akipiga kwa namba ya shangazi yako, kwa sababu huenda akaunti ya shangazi ndiyo iliyotekwa jana.

Hatua ya 6: Ripoti, na kagua laini zako

Ujumbe wa utapeli usiufute. Utume kama ulivyo kwenda 15040. Utajibiwa ukitakiwa kuandika namba ya tapeli. Iandike na uitume. Wengi hutuma ujumbe wakaishia hapo, kumbe bila namba hakuna cha kufungia.

Kisha piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Uwe na namba ya NIDA, tarakimu 20. Kama una laini mbili za mitandao tofauti, rudia kwa kila laini. Ukikuta namba usiyoijua, nenda duka la mtandao husika iondolewe. Laini ya utapeli iliyo kwa jina lako, polisi wataanza kukuuliza wewe. Usajili wa barabarani ndiko hilo linakotokea: unaambiwa "kidole hakijasoma, weka tena", na kidole cha pili kinasajili laini ya mtu mwingine.

Hatua ya 7: Kama hela imeshaenda

Piga 100 hapo hapo, kabla ya polisi, kabla ya kumpigia tapeli. Hela ikiwa bado kwenye akaunti yake inaweza kuzuiwa. Akishaitoa kwa wakala, nafasi hiyo imekwisha. Taja namba ya muamala, kiasi na saa. Piga picha ya skrini ya ujumbe na orodha ya simu, halafu nenda kituo cha polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa uliyoripoti. Ulaghai wa aina hii unaangukia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, hivyo usikubali kuambiwa ni uzembe wako.

Kwa wazee wenye kitochi, hatua ni chache zaidi: hifadhi namba za watoto wote kwa majina, na uwaandikie kwa kalamu ya wino mzito nyuma ya simu: "Pesa? Kata. Mpigie Asha."