Jinsi ya kutumia neno "fish" bila kulibebesha s

Watoto ninaowafundisha Kiingereza hapa Ujiji wamekulia kwenye samaki, lakini daftari zao zimejaa "fishes". Inaniuma, maana hili neno lina tabia ileile ya neno letu.

Sisi tunasema samaki mmoja, samaki wawili, samaki ndoo nzima. Jina halibadiliki, wingi tunausikia kwenye "ameoza" au "wameoza". Waingereza nao ni hivyo hivyo: "one fish", "two fish", "ten fish". Mgeni akisimama kwenye meza yako pale soko la Kibirizi na samaki mmoja aina ya mgebuka mkononi, mwambie "This fish is fresh." Ukimwonyesha fungu zima, sema "These fish are fresh." Umeona? "This" imegeuka "these", "is" imekuwa "are", ila "fish" haijatikisika. Mkono ukikuwasha kuongeza s, rekebisha maneno ya jirani.

Kwa wafanyabiashara, shikeni maswali matatu, kwa sababu yanafanana na yanachanganya sana. "How much is the fish?" mteja anauliza bei. "How much fish do you want?" ni kiasi, tuseme kilo. "How many fish do you want?" ni idadi: watatu, wanne. Ukiuliza swali la kilo, mteja akajibu "three" huku anawaza samaki watatu, mtavutana bure kwenye mizani.

Akishaingia sufuriani, habari ya kuhesabu huisha. "We had fish for supper", bila "a". Ukisema "I ate a fish", umesema ulimla mzima. Samaki mkubwa kama kuhe hukatwa vipande, kwa hiyo ni "a piece of fish", na vikiwa viwili, "two pieces of fish". Hapo s imekaa kwenye vipande.

"Fishes" lipo, silikatai. Wataalamu hulitumia wanapozungumzia aina mbalimbali. Ziwa Tanganyika lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, wengi wao hawapatikani kwingine duniani, kwa hiyo "the fishes of Lake Tanganyika" ni Kiingereza safi kwenye insha ya baiolojia. Sokoni liache.

Soko la samaki ni "fish market", supu ya samaki ni "fish soup". "Fish" inatangulia, haina s, na ile "of" haihitajiki.

Dagaa wana jina lao, "sardines", na hilo linachukua s kama kawaida. Lakini vile viumbe vidogo laini, vyenye kuonekana hadi ndani, vinavyoelea ziwani huitwa "jellyfish". Si samaki hata kidogo, hawana mfupa wala pezi, ila jina lao linafuata kanuni ileile: "one jellyfish", "many jellyfish".